Ng'ombe wa Kuweka

Asubuhi ile niliondoka kwa dada yangu, kijijini Daudi, bila kujua ninakwenda wapi. Hatukuwa tumegombana. Nilikuwa nimekaa kwake tangu palizi, nikalima naye, nikala chakula chake, na siku za mwisho nikawa naamka na kusimama nje na kikombe cha chai, naitazama barabara inayokwenda mjini.

"Umeanza," dada alisema.

"Naangalia tu."

"Mbuzi naye huwa anaangalia tu mahindi."

Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo miguu yangu haijakubaliana na sehemu moja. Nimechuma kahawa Karatu, nimepika kwenye mgahawa wa Katesh, nimelinda ngano isiliwe na ndege, nimeuza soksi mnadani. Kila mahali nilikwenda kwa sababu kulikuwa na kitu sijakiona, na niliondoka nilipokwisha kukiona. Nikikaa sana naanza kusikia kelele ndani ya kichwa, kama mtu anayesogeza viti chumba cha pili.

Mlangoni dada akanishika bega. Mama yetu alikuwa na maneno ya kumwombea mtu anayesafiri, ya Kiiraqw, marefu kiasi, na hakuna mtoto wake aliyevuka kizingiti bila kuombewa. Sasa mama ni marehemu. Dada akainua mkono kama mama alivyokuwa akiinua, akaanza vizuri. Akaomba njia ilainike. Akaomba miiba igeukie pembeni. Kisha akanyamaza, akatazama chini, halafu akaruka hadi mwisho kabisa, pale ambapo waliosimama wanaitikia na iwe hivyo.

"Umeruka katikati," nikamwambia.

"Wewe unapakumbuka?"

"Hapana."

"Basi nenda na hiyo ya kuruka. Si mara ya kwanza unaondoka nusu."

Tulicheka, lakini nilishuka barabarani kitu kikiniwasha. Nilipata nafasi juu ya magunia ya vitunguu saumu kwenye gari la mzigo, na njia nzima nilijaribu kuyarudia maneno yale. Mwanzo ulikuja. Mwisho ulikuja. Mkono wa mama ulikuja, na harufu ya moshi kwenye kitenge chake. Katikati palikuwa patupu kama pengo la jino, na ulimi hauachi kurudi penye pengo. Kama dada hapajui na mimi sipajui, basi hapapo tena kwa mtu yeyote.

Mvua ilitukuta mjini Mbulu. Niliruka chini nikakimbilia baraza ya kwanza niliyoiona, ya nyumba ndogo ya matofali nyuma ya ghala la zamani, na nilipomaliza kukamua kanga nikaona niko wapi. Kilikuwa kituo cha kumbukumbu. Miaka ya nyuma mzee mmoja wa Nambis alikianzisha. Alizunguka vijijini na kinasa sauti akiwarekodi wazee: hadithi, nyimbo za kusaga, namna walivyoomba mvua, mipaka ya mashamba ya zamani. Mama naye aliitwa. Alirudi nyumbani akatuambia amezungumza na gunzi la mahindi lililovaa soksi, ndiyo maikrofoni yao.

Nikasimama pale nikiwaza gunzi la mahindi. Kisha nikabisha hodi.

Ndani kulikuwa na watu wawili na meza iliyojaa nyaya. Mmoja alikuwa mwanamke aliyestaafu kufundisha, ambaye mji mzima unamwita mwalimu. Ndiye aliyekuwa akikiendesha kituo tangu mzee augue. Mwingine alikuwa kijana wa kutoka Dar es Salaam, amefungua kompyuta, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni kwa sababu ya baridi yetu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Leo hatupokei wageni, mama. Tuna ukaguzi."

"Mimi si mgeni wa kukaa. Nataka kumsikia mama yangu tu, halafu niende."

Kijana akainua kichwa. "Mwache aingie, mwalimu. Hazina ambayo mwenye haja hawezi kupata kitu chake ni stoo tu."

Nikavuta kigoda. Mimi nikikutana na kazi ambayo sijaijua siwezi kunyamaza, kwa hiyo nikamuuliza anakagua nini, na yeye akaonekana kufurahi kuulizwa na mtu asiyemwogopa. Alisema kuna cheti kinachotolewa kwa mahali panapotunza kumbukumbu ndani ya kompyuta kwa muda mrefu, muda wa watoto na wajukuu. Mtu yeyote anaweza kusema anatunza vizuri. Cheti ni cha kusema kwamba mtu mwingine amekuja, ameuliza, ameonyeshwa, na ameamini. Haangalii uzuri wa jengo. Anauliza waliorekodiwa waliridhia au hawakuridhia. Mashine ikifa leo, kuna nini? Nyumba ikiungua? Programu za kufungulia zikibadilika, nani atajua kusoma za zamani? Na mnajuaje kwamba mlicho nacho leo ndicho mlichopokea?

"Na kituo kikifa, nani anarithi," mwalimu akamalizia. "Hilo la kufa analiuliza tangu jana. Nimemwambia jeneza bado sijachonga."

"Na nani anarithi?" nikauliza.

Mwalimu aliacha utani. Chuo kikuu kimoja kilikuwa kimekubali kupokea kila kitu siku kituo kitakaposhindwa kuendelea, lakini kwa sharti kwamba kiwe na cheti kwanza, maana hawapokei mzigo ambao hawajui umetunzwaje. Bila cheti hakuna mrithi. Yeye mwenyewe magoti yalikuwa yamechoka. Akiondoka, chumba kile kitatafutiwa kazi nyingine, na alishawaona watu wa mbolea wakikipima kwa macho.

Walimtafuta mama kwa kijiji na kwa jina la baba yangu. Akapatikana. Kijana akanionyesha mstari mrefu wa herufi na namba chini ya jina lake. Kila faili, alisema, kompyuta inalikokotoa lote kutoka ndani na kutoa namba yake. Ukilikokotoa tena baada ya miaka kumi, namba lazima iwe ileile.

"Kama alama ya sikio la ng'ombe," nikasema.

"Kali zaidi. Ng'ombe akikonda, alama inabaki palepale. Hili likipoteza hata punje moja, namba inakataa."

Akabonyeza. Mama akakohoa. Akauliza kwa Kiswahili, "Naanza?" kama mtu aliyeitwa mbele ya baraza la kijiji, na mimi nikashika ukingo wa kigoda. Akaanza. Njia ilainike. Miiba igeukie pembeni. Kisha sauti ikapasuka kama bisi kwenye kikaango, ikawa mngurumo, ikawa kimya, na mwisho nikasikia watu wakiitikia na iwe hivyo.

Kijana akakokotoa namba. Ilikataa.

"Limeoza," alisema taratibu.

"Faili linaoza?"

"Linaoza. Tena halinuki, na hapo ndipo shida ilipo." Akamgeukia mwalimu. "Hii ndiyo sababu ya nakala ya pili. Iko wapi?"

"Ipo. Mzee aliiweka."

"Aliiweka wapi?"

"Aliiweka."

"Nimekusikia, mama. Wapi?"

"Kijana wangu, nakwambia mzee aliiweka."

Nilishindwa kujizuia, nikacheka, na wote wawili wakanitazama vibaya. Kijana alikuwa anasikia neno moja na mwalimu anasema lingine. Kwetu, kuweka ni neno lenye ng'ombe ndani yake. Mtu mwenye akili hafugi ng'ombe wake wote kwenye zizi moja. Anamweka mmoja kwa rafiki, mwingine kwa shemeji upande wa Hanang, ili ugonjwa au ukame ukipita usimkute na kila kitu mahali pamoja. Aliyewekewa anachunga, anatibu, na maziwa ni yake. Ng'ombe na ndama wanabaki kuwa wa mwenyewe. Na mwenyewe hatangazi. Wakati mwingine hata mke hajui. Ukimuuliza mtu ng'ombe wake wako wapi anakujibu "nimeweka," na kama ulifundishwa adabu unaishia hapo.

Mwalimu aliishia hapo. Mzee alipomwambia kwamba diski nyingine, yenye nakala, ameiweka, yeye aliona jibu limekamilika, akaendelea na kazi. Kisha mzee akapigwa na kiharusi, na sehemu kubwa ya maneno yake ikaondoka.

Nilipomaliza kumweleza, kijana alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Wazo lake ni lilelile tunalofundisha sisi," alisema. "Nakala mbalimbali, sehemu zilizo mbali, hatari zisifanane. Lakini nakala ambayo hakuna anayejua ilipo siwezi kuiandika. Kwangu haipo."

"Kwako," mwalimu alisema.

"Kwangu na kwa cheti. Ripoti naifunga mwisho wa wiki, mwalimu. Nenda kamuulize."

"Nimuulize mtu mzima ng'ombe wake wako wapi? Tena mgonjwa? Watasema nimeona anakaribia kufa, nataka kurithi."

Hakuwa anatania. Aliikunja kanga mapajani mwake, akaikunjua, akaikunja. Mvua ilikuwa imepungua, na mimi nilikuwa nimeshasimama bila kujua nimesimama saa ngapi.

"Wewe unaelekea wapi?" akaniuliza.

"Sijui bado."

"Basi usijue kupitia Nambis."

Nilifika kwa mzee jua likiwa limeanza kulala upande. Mkwewe, mwanamke wa umri wangu, alikuwa akipukuchua mahindi uani. Alinikaribisha, akanisukumia gunzi nisaidie, na kabla sijamaliza gunzi la kwanza akawa amenihoji.

"Umeolewa wapi?"

"Sijaolewa mahali."

"Unalala wapi leo?"

"Nitakapofika."

"Kama ndege."

"Ndege ana kiota."

"Basi wewe hata ndege hujamfikia," akasema, tukacheka, akanionyesha mzee alipo.

Alikuwa ameketi kwenye benchi ukutani, kofia ya sufu imevutwa mpaka kwenye nyusi, mkono mmoja umelala mapajani kama mali ya mtu mwingine. "Shikamoo baba," nikasema. Mdomo wake ulihangaika na marahaba, ukatoa nusu. Nikamwambia mimi ni mtoto wa yule mama wa Daudi aliyeombea wasafiri. Akanitazama kwa makini. Kisha akasema neno moja, wazi kabisa.

"Ng'ombe."

"Ni hivyo hivyo," mkwe akasema nyuma yangu. "Tangu augue ni ng'ombe, ng'ombe. Nimempeleka mpaka zizini, nikawagusa mmoja mmoja mbele yake. Anakasirika. Juzi amenirushia fimbo, bahati nzuri kwa mkono mbaya."

Niliinama mpaka nikawa chini ya macho yake. "Baba, ng'ombe wa kuweka?"

Alitulia.

"Wa kituo? Ile diski?"

Akafumba macho, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Siku zote zile alikuwa anajaribu kusema, na watu walikuwa wanampeleka zizini. Alipofumbua macho hakunitazama mimi. Alimtazama mkwewe, akaendelea kumtazama, hadi mwenyewe akaelewa.

"Haya. Nimekuwa mwizi nyumbani kwangu," akasema, akaenda jikoni, na huko akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa ili tujue hasikilizi.

Nikamtajia mahali. Dongobesh? Hapana. Haydom? Hapana. Katesh? Kiganja chake kizima kikayumba: karibu. Nikataja vijiji vya upande ule nilivyovijua, na vingine nilivyovisikia tu kwa abiria. Nilipotaja Gehandu akapiga benchi.

"Kwa nani, baba?"

Jina halikutoka. Alilitafuta, nikaona linampita mbele, anashindwa kulishika. Mwisho akasema, "Mashine," akanguruma kooni kuiga injini ya kusaga, na hiyo aliiiga vizuri sana. Halafu akavua kofia yake akanipa. Kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani.

Mkwe alinilaza kwake. Asubuhi alinifungia viazi vitamu, hakuniuliza tulizungumza nini, na alipokuwa akiniaga alikuwa anamfunga mzee kitambaa kichwani, wakigombana kwa macho.

Safari ile ilinisumbua kuliko nyingine zote. Ningekuwa sina pa kwenda ningefurahi, ningeshuka popote panaponivutia. Sasa nilikuwa na mahali pa kufika, na kila kituo kilikuwa kizuizi. Dongobesh nilisubiri gari tangu asubuhi. Mama mmoja mwenye duka la vitambaa alinipa kivuli chini ya bati lake na kikombe cha chai, akaniambia nikae, gari huwa linakuja tu. Mimi nikawa nasimama, natembea mpaka kwenye kona, narudi. "Dada yangu," akasema, "barabara hata ukiikanyaga hivyo haiivi." Nikaketi. Nikasimama tena.

Nilikuwa nawaza diski ile iko katika hali gani. Mwalimu aliniambia ni kijisanduku cheusi, kinaenea kiganjani. Nikaona mtu amekitumia kuzuia mlango usifungwe na upepo. Nikaona watoto wamekifungua kutafuta sumaku. Tulipopita Katesh, ambako mlima uliwahi kushusha tope na watu wakapotea, wingu lilikuwa limeukaa Hanang begani na abiria wote tulinyamaza tukiutazama. Mzee aliweka mbali ili hatari ya Mbulu isifike. Lakini kila upande una hatari yake, na ng'ombe uliyemweka naye unamwacha mikononi mwa Mungu na rafiki.

Gehandu sikuwa nimewahi kufika. Nilishuka kwenye pikipiki mahali palipo na duka, kanisa, na ng'ombe wengi kuliko watu, nikauliza nyumba ya mashine.

"Mashine ipi? Ya umeme au ya kukohoa?" dereva akauliza.

Nilikumbuka mngurumo wa kooni. "Ya kukohoa."

Niliisikia kabla ya kuiona, injini ya dizeli inayotoa moshi kupitia bomba la bati. Uani, mbali kidogo na vumbi la unga, bibi mmoja aliketi juu ya ngozi akitenga maharage mabovu. Kwenye nguzo ya kibanda juu ya kichwa chake ilining'inia redio ndogo, zile zinazotumia kadi. Midomo yangu ilikuwa tayari kwa salamu wakati injini ilipozimika. Kimya kikashuka, na ndani ya kimya kile mama yangu akakohoa.

"Naanza?" akauliza.

Nikaitazama redio. Bibi aliinua macho.

"Mbona husalimii?"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hebu subiri kwanza, huyu mama ananiombea."

Nikasubiri. Mama aliomba njia ilainike, akaomba miiba igeukie pembeni, na sauti haikupasuka. Iliendelea, bila haraka, na ikaingia mahali ambapo mimi na dada tulikuwa tumepapoteza. Hapakuwa na habari za njia kabisa. Ndiyo maana sikuwahi kupashika, mimi niliyekuwa nasikiliza njia tu. Mama alikuwa amemaliza na msafiri, sasa anaiombea nyumba atakayofikia. Moto wake usikutwe umezimika. Watu wake wasimuulize ametoka kwa nani, wala ataondoka lini. Wamuulize kama amekula. Kisha watu wakaitikia na iwe hivyo, na bibi akaitikia pamoja nao, akitupa haragwe bovu kwa kuku.

Nilimpa kofia ya mzee. Aliigeuza, akainusa.

"Ya kwake kabisa. Bado haijafuliwa. Anaendeleaje?"

Nikamweleza yote: kiharusi, kituo, kijana wa ukaguzi, faili lililooza, na kwamba mama yule ndani ya redio ni mama yangu. Hapo aliinuka, akanishika uso kwa mikono yenye vumbi la maharage, akaniachia, akaingia ndani akiniita kwa kichwa. Baba wa yule mzee wa Nambis alikuwa ameweka ng'ombe kwa baba mkwe wa bibi huyu, alisema, kabla hawajazaliwa wengi wetu. Mzee alipokuja na kile kitu cheusi akamwambia, "Nimekuja kuweka," yeye hakuuliza kinakula nini.

Akafungua sanduku. Chini ya vitenge, ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya kitambaa kingine chenye majani makavu ya mwarobaini ya kuzuia wadudu, diski ilikuwepo. Nikanyoosha mkono. Akafunga kifuniko.

"Kofia inaonyesha njia," alisema. "Ng'ombe haimtoi. Mwenyewe aje, au yule aliyemwachia."

"Lakini bibi, redioni ilifikaje?"

"Mjukuu wangu wa Katesh anatengeneza simu. Alinichotea kidogo, akaitia kwenye kadi." Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Ng'ombe akiwekwa kwako, maziwa unamwaga?"

Mtandao ulipatikana juu ya kichuguu nyuma ya mashine. Bibi alinifuata, na tukasimama pale wawili, simu kati yetu imewekwa sauti ya nje. Upande wa pili mwalimu alikuwa na kijana wake.

"Umemwona?" mwalimu akauliza kwa tahadhari, kama kuna watu wanasikiliza.

"Nimemwona. Mzima. Na amezaa."

"Nini kimezaa?" sauti ya kijana ikaingia. Nikamweleza habari za kadi na redio. "Kwa hiyo kuna mtu amekifungua? Kwenye mashine gani? Kiligongwa na kitu? Kuna vumbi hapo?"

"Huyo ni nani?" bibi akaniuliza.

"Ni mkaguzi, bibi. Anakagua kama kitu kimetunzwa."

Bibi akaisogelea simu. "Wewe kijana, ng'ombe wako ukimweka unakuja kumtazama au unapiga simu?"

Nilimsikia mwalimu akicheka pembeni hadi akakohoa. Kijana naye alikuwa na heshima yake. "Shikamoo bibi. Unasema kweli. Tutakuja na kompyuta, tutakokotoa namba za kila kitu hapohapo mbele yako. Zikikubali, nakala ninaiandika. Lakini naomba jambo moja. Lazima iandikwe kwamba iko kwako. Mzee ameugua, na mwalimu hakujua pa kuanzia."

"Mkiandika mtatangaza."

"Hatutatangaza. Haibandikwi ukutani. Ila mahali kinapotunzwa pajulikane na zaidi ya mtu mmoja. Kila mmoja wetu anaweza kupigwa na kiharusi."

Bibi alifikiri. Kuku walikuwa wamepanda kichuguu wakitafuta walichotufuatia. "Hilo la kiharusi ni la kweli," akasema. "Mwalimu ajue, na mmoja baada yake. Na mimi nitamwambia mkwe wangu. Zaidi ya hapo ni soko."

"Hiyo inatosha, bibi," kijana akasema. "Na kadi hiyo ya redio usiifute. Faili la yule mama, kwetu limeharibika. Kama lililomo kwenye diski nalo limeguswa, lako ndilo lililobaki."

"Nilifute na ndiye ananiombea kila siku?"

Mwalimu akachukua simu. Alisema wangekuja kesho kutwa, barabara ikiruhusu, na kwamba kwa kuwa mzee hawezi kusafiri, atapita Nambis kwanza achukue fimbo yake, bibi aone amekuja na neno la mwenyewe. Kisha akaniuliza mimi kwa sauti ya chini kama ningeweza kubaki karibu na diski mpaka wafike. "Najua wewe si mtu wa kukaa," alisema.

Nilitazama barabara. Ilikuwa nzuri, nyekundu baada ya mvua, inaelekea mahali ambapo sijawahi kupaona, na ilikuwa bado mapema. Kesho kutwa ni mbali kwangu. Diski ingekaa salama bila mimi. Ilikuwa imekaa miaka. Kilichokuwa hakina pengine pa kukaa ni yale maneno ya katikati. Yalikuwa kwenye kadi ndogo kama ukucha ndani ya redio iliyoning'inizwa nje kwenye umande, na ndani ya diski ambayo namba zake hakuna aliyekuwa na hakika nazo. Na sasa kidogo yalikuwa kwangu, kwa kuyasikia mara moja. Mara moja haitoshi. Nilimwambia mwalimu nitakuwepo.

Nikampigia dada. Nikamwambia asikilize, nikasema ile sehemu ya katikati, na nilipofika pale pa kuuliza kama amekula nikasahau kama moto unatajwa kabla au baada, nikabaki nagugumia.

"Umeruka," dada alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Nitakupigia tena jioni. Nitakuwa nimeisikia tena."

"Jioni utakuwa wapi?"

"Hapahapa."

"Basi naichaji simu," alisema.

Tuliposhuka, bibi hakunipeleka nyumba kubwa. Aliniingiza kwenye chumba kidogo kilichoegemea kibanda cha mashine, chenye kitanda cha kamba, na vumbi la unga lililokaa juu ya kila kitu kama mtu aliyesahau kuondoka. Lile sanduku lake, alilokuja nalo kutoka nyumba kubwa, akalisogeza kwa mguu mpaka likawa chini ya kitanda hicho. Akaitundika redio dirishani. Kisha akauchukua mfuko wangu begani, ule ambao popote ninapolala huwa nauacha umefungwa karibu na mlango, akasimama juu ya kigoda akautundika kwenye msumari wa juu kabisa, na aliposhuka akaondoka na kigoda.

"Umekula?" akauliza akiwa mlangoni.

Nikamwambia bado.

Injini ilianza tena kukohoa upande wa pili wa ukuta, na kitanda kikatetemeka kidogo. Niliketi juu yake nikisubiri ugali.